Spika za safu sebuleni: Pima dari kabla ya kuvuka mpaka

Chukulia mfanyabiashara wa Kigali anayekwenda Dar es Salaam kila baada ya wiki chache. Basi linavuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, linakata nchi, na hatimaye yuko Kariakoo. Kwenye daftari lake kuna chaja za simu, vitenge, vipuri vya pikipiki, na safari hii kuna mstari mmoja ulioandikwa kwa haraka: "Laini arei, nne, za nyumbani."

Mteja ni mtu aliyemaliza kujenga hivi karibuni. Ametenga chumba cha kusikilizia muziki na ametanguliza nusu ya fedha. Kingine chochote hakijaandikwa. Daftari halisemi chumba kina ukubwa gani, dari liko juu kiasi gani, wala kochi litakaa umbali gani na spika.

Mstari huo mmoja unaweza kula faida ya safari nzima. Chaja iliyokataliwa na mteja huuzwa kwa mwingine jioni hiyohiyo. Spika nne za aina hii, kila moja nzito kama mfuko wa unga, zilizokwisha kulipiwa nauli ya zaidi ya kilomita elfu moja na ushuru wa mpakani, hazina njia rahisi ya kurudi dukani. Zinabaki stoo zikishika vumbi, na mteja anadai nusu yake.

Kinachosumbua ni kwamba mwenye duka Kariakoo hatakuwa amedanganya. Akiulizwa laini arei atatoa laini arei. Jina moja linabeba vitu vitatu tofauti, na kimojawapo, ambacho ndicho rahisi zaidi kukipata madukani, hakifai sebuleni hata kidogo.

Balbu na tyubu

Kila msomaji amekwisha kuona spika za safu, hata kama hakujua jina. Ni zile ndefu nyembamba zilizobandikwa kwenye nguzo za misikiti na makanisa, zenye spika ndogo kadhaa zilizopangwa wima ndani ya boksi moja. Ni zile pia zinazoning'inia pembeni mwa jukwaa la tamasha au mkutano wa injili, maboksi yaliyoshikana na kupinda chini mfano wa ndizi. Hizi za jukwaani zilishika kasi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya Mfaransa Christian Heil na kampuni yake ya L-Acoustics kutoa mfumo wa V-DOSC.

Namna zinavyofanya kazi inaeleweka kwa kutazama taa. Spika ya kawaida ni kama balbu: inamwaga sauti kila upande, juu kwenye dari, chini kwenye sakafu na pembeni. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Safu ndefu iliyosimama wima ni kama taa ya tyubu. Inatawanya sauti mbele na pembeni, lakini juu na chini inapeleka kidogo sana. Kwa hiyo umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli 3 tu.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Ndani ya chumba si ndogo. Kutoka mita 1 hadi mita 4, balbu imepoteza desibeli 12 na tyubu imepoteza 6. Desibeli 6 zilizookolewa ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara nne. Kama zote mbili zinalingana mtu akisimama mita 1 mbele yake, basi anayekaa mita 4 atasikia safu yenye wati 50 kwa kiwango ambacho spika ya kawaida ingekifikia kwa wati 200.

Kwa mwenye nyumba faida kubwa iko kwa wageni. Shangazi aliyekaa kiti cha mbele haumizwi masikio, na kijana aliyesimama mlangoni anayasikia maneno ya wimbo bila mtu kuongeza sauti. Gitaa za rumba, ambazo hupishana na kujibizana, zinasikika kila moja mahali pake. Hicho ndicho mteja alichokisikia mahali fulani na kukitamani. Tatizo ni kwamba hakipatikani kwa kununua jina.

Kimo ndicho kila kitu

Safu inabaki kuwa tyubu hadi umbali fulani tu. Ukipita hapo, inageuka kuwa balbu kama nyingine zote. Umbali huo unategemea urefu wa safu na aina ya sauti, besi au nyembamba, na hesabu yake inajulikana.

Kwa sauti ya hezi 1,000, safu ya urefu wa mita 1 inashika hadi kama mita 1.5 kutoka kwenye spika. Safu ya mita 2 inashika hadi karibu mita 6. Urefu ukizidishwa mara mbili, umbali unazidi mara nne. Sauti ikishuka hadi hezi 300, ambako sauti ya mwimbaji bado imejaa tele, safu ya mita 1 haifiki hata nusu mita, na ile ya mita 2 inafika karibu mita 1.7.

Sasa yachukuliwe yale maboksi ya jukwaani. Aina ndogo ina kimo cha kama sentimita 30 kwa boksi moja. Mteja ameagiza manne, kwa hiyo kila upande utakuwa na mawili yaliyopandana, jumla sentimita 60. Kwa hezi 1,000, safu ya sentimita 60 inakwisha baada ya nusu mita tu. Mteja yuko kwenye kochi, mita 3 na zaidi. Isipokuwa kwa sauti nyembamba kabisa, amelipia safu na anasikiliza spika ya kawaida.

Afadhali ingekuwa spika ya kawaida nzuri. Maboksi ya jukwaani yametengenezwa kurusha sauti makumi ya mita juu ya vichwa vya watu. Twita zake za honi zina ukali mwingi kwa mtu aliye karibu, na zile zenye amplifaya ndani hutoa mvumo wa "shhh" ambao uwanjani hakuna anayeusikia, lakini sebuleni saa nne usiku unasikika wazi. Nyingine zina feni. Jukwaani mafundi huyaning'iniza maboksi kama haya mengi kwa pamoja kwa sababu hiyohiyo ya kimo: bila wingi huo hakuna safu. Mawili kwa kila upande ni mapambo.

Vioo vya kinyozi

Hapa ndipo nyumba nyingi za ukanda huu zina bahati ambayo wenyewe hawaijui.

Mafundi wa muziki huzilalamikia nyumba zetu: sakafu ya marumaru, dari la jipsamu, kuta za tofali zilizopigwa plasta, vyote vigumu, vyote vinarudisha sauti. Kwa spika ya kawaida malalamiko ni ya haki. Sauti inagonga sakafu na dari, inarudi imechelewa kidogo na kuvuruga ile ya kwanza. Lakini safu inayosimama sakafuni na kukaribia dari inautumia ugumu huohuo. Ni kama kukaa kwa kinyozi mwenye vioo viwili vinavyotazamana: mtu mmoja anaonekana kuwa foleni ndefu isiyo na mwisho. Sakafu ni kioo cha kwanza, dari ni kioo cha pili, na safu ya mita 2 inafanya kazi kana kwamba inaendelea chini ya sakafu na juu ya dari. Hata zile sauti za hezi 300, ambazo kwa hesabu kavu zingekwisha mita 1.7, zinasogea mbali zaidi.

Sharti lake ni kwamba pengo kati ya ncha za safu na vioo hivyo liwe dogo. Wabunifu hushauri safu ifikie angalau asilimia 70 ya kimo cha chumba. Dari la mita 2.7 linataka safu ya karibu mita 1.9. Dari la mita 3 linataka mita 2.1. Dari likiwa la mteremko, au likiwa juu sana kwa fasheni ya sasa ya sebule zinazopanda hadi ghorofa ya pili, kioo cha juu hakipo na mteja aambiwe hivyo mapema. Nyumba isiyo na dari, mabati matupu, vivyo hivyo. Na huko mvua ikinyesha swali la spika linakuwa limejijibu lenyewe.

Kuta za pembeni ni habari nyingine. Safu haipunguzi sauti inayokwenda kushoto na kulia, kwa hiyo ukuta mtupu ulio karibu na spika utaharibu kazi. Pazia zito, kabati la vitabu, hata zulia lililotundikwa ukutani kama wafanyavyo watu wa zamani, vinasaidia. Zulia la sakafuni ambalo kila muuza spika hulipendekeza lina kazi ndogo zaidi hapa kuliko kwingine.

Vitu vitatu, jina moja

Cha kwanza ni maboksi ya jukwaani, na yamekwisha kusemwa. Yaachiwe wenye bendi, makanisa na kumbi.

Cha pili ni mnara mwembamba unaochomekwa juu ya sabufa, wenye amplifaya ndani, unaobebwa kwa mkono. Bose walipotoa L1 mwaka 2003 waliwalenga wanamuziki wa jukwaa dogo, na tangu hapo kampuni nyingi zimetengeneza za kufanana nayo. Kwa mteja anayetaka kusikiliza jioni na kufanya sherehe ya kipaimara mwisho wa mwezi, hiki ndicho chaguo la busara. Hakihitaji fundi, kinawashwa siku kinapofika, na kikikataliwa kinauzika kwa mwingine. Lakini mfanyabiashara afumbue macho kwa jambo moja: sehemu ya mnara huo mara nyingi ni fimbo tupu. Mnara una mita 2, spika zenyewe ziko nne au sita, zimejazana sentimita 50 za juu. Fimbo haitoi sauti. Kipimo ni kutoka spika ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, na kifuniko cha wavu kikiwa kinatoka, kitolewe zihesabiwe.

Cha tatu ni safu ya nyumbani yenyewe, boksi refu jembamba lililojaa spika ndogo kutoka chini hadi juu. Si jambo geni. McIntosh wa Marekani waliuza XRT20 mwaka 1980 ikiwa na nguzo ya twita 24, na mhandisi D. B. Keele, aliyechukua mawazo kutoka utafiti wa kijeshi wa sauti za chini ya maji, alibuni safu zilizopinda zinazosimama sakafuni. Za kununua zikiwa tayari zina bei ya gari. Ndiyo maana wapenzi wengi wa muziki duniani huzijenga: wananunua spika tupu, seremala anatengeneza boksi, fundi anaunga nyaya.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hii ya tatu ina mvuto wa pekee, kwa kuwa kinachovuka ni katoni za spika ndogo. Boksi, ambalo ndilo linalochukua nafasi na kuvunjika pembe kwenye buti la basi, linatengenezwa kule mteja aliko. Hata hivyo kuna onyo. Kama kule hakuna fundi anayejua krosova, yaani kugawa sauti kati ya spika za kati na twita, biashara hii isiguswe. Katoni ya spika tupu bila fundi ni mzigo wa vyuma.

Nafasi kati ya spika na spika

Mtu akikubali kujenga, swali linalofuata ni spika za inchi ngapi. Hapa wengi hukosea kwa kudhani kubwa ni bora.

Spika nyingi zikitoa sauti moja kwa pamoja, zinasaidiana pale tu zinapokuwa karibu kuliko urefu wa wimbi la sauti hiyo. Zikiwa mbali, mawimbi yanapishana na kufutana: kayamba inasikika ukiwa umekaa, ukisimama inapotea, ukiinama inarudi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 2,000 lina sentimita 17, la hezi 10,000 lina sentimita 3.4, na la hezi 20,000, ukomo wa sikio zuri la kijana, halifiki sentimita 2.

Spika za inchi 6.5 zikipangwa zigusane, vitovu vyake vinaachana kama sentimita 17. Zinaweza kuaminiwa hadi hezi 2,000, basi. Za inchi 4 zinaachana kama sentimita 11 na zinafika hezi 3,000 hivi. Kutoka hapo lazima twita zichukue kazi, nazo ziwe ndogo na zishikane, au ziwe za utepe mrefu usiokatika. Mnara wenye spika kubwa nane na twita moja tu katikati, na ipo mingi ya namna hiyo madukani, una umbo la safu bila tabia yake.

Kuna unafuu mmoja. Kwa kuwa sauti nyembamba hushika safu kwa umbali mrefu zaidi, nguzo ya twita inaweza kuwa fupi. Ya mita 1 inatosha kwa chumba cha kawaida, mradi ianze kama sentimita 60 juu ya sakafu ili aliyekaa na aliyesimama wote waipate.

Besi nayo isitarajiwe hapo. Spika za inchi 3 au 4, hata zikiwa ishirini, hazitikisi chumba. Sabufa inahitajika, na hiyo haijali kama jirani zake ni safu au la.

Betri ndogo na multimita

Mfanyabiashara hahitaji kuwa fundi ili asiibiwe. Vitu viwili vinaingia mfukoni: betri ya volti 1.5 ya rimoti na multimita ya bei nafuu.

Betri ni ya kuangalia mwelekeo. Ncha zake zikigusishwa kwa kitambo kidogo kwenye ncha za spika, chanya kwa chanya, koni inaruka mbele. Kila spika kwenye katoni ifanyiwe hivyo. Moja ikiruka nyuma wakati wenzake wanaruka mbele, imeungwa kinyume kiwandani au imewekwa alama vibaya, na ndani ya safu itakuwa inafuta kazi ya jirani zake. Jaribio hili ni la spika za kati na za besi. Twita zisiguswe na betri, ni dhaifu.

Multimita ni ya kuangalia omu. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma kati ya 6 na 7 hivi kwenye mita, na hilo si kosa. Lakini zote za katoni moja zisome karibu sawa. Ikiwepo inayosoma 3 katikati ya zinazosoma 6.5, katoni imechanganywa.

Hesabu ya kuunga ndiyo inayochoma amplifaya za watu. Spika nane za omu 8 zikiungwa zote sambamba, zinabaki omu 1, na amplifaya ya kawaida inatoa moshi. Kumi na sita zinaungwa nne nne kwa mfululizo, kila kundi omu 32, kisha makundi manne sambamba: omu 8 kamili. Kumi na nane zinaungwa tatu tatu, kila kundi omu 24, makundi sita sambamba: omu 4, nayo amplifaya nyingi zinaibeba. Kwa mnara uliokwisha kuungwa kiwandani, mita ikisoma chini ya 3 kwenye ncha za nyuma, muuzaji aulizwe amplifaya gani inauendesha na aiwashe hapo hapo.

Wati zilizoandikwa kwenye katoni zisomwe kwa makini. Zile zenye herufi PMPO hazina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda huandika kinachopenda. Zinazofaa kulinganishwa ni za RMS.

Jaribio la mwisho halihitaji kifaa. Upigwe wimbo ambao mnunuzi anaujua vizuri, wenye mwimbaji mmoja na vyombo vichache, taarabu au rumba ya zamani. Asikilize amekaa, kisha asimame. Asogee hadi mita 1, kisha arudi hadi ukuta wa mwisho wa duka. Safu ya kweli haitabadilika sana. Kama sauti inamzidi akiwa karibu na kunyauka akirudi nyuma, ameonyeshwa balbu.

Kwenye daraja

Upande wa forodha una mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani na cheti cha uasili kilichorahisishwa, unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Spika ya China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kununuliwa Kariakoo. Mwenye kupanga bei ya mteja akidhani cheti hicho kitamvusha atajikuta anatoa ushuru kutoka mfuko wake mwenyewe. Hesabu ya ushuru iulizwe kwa wakala wa forodha kabla ya safari, mzigo ukiwa bado ni wazo.

Maelezo ya risiti nayo yana uzito. Katika orodha ya forodha inayotumika duniani kote, spika moja ndani ya boksi lake ni 8518.21, spika kadhaa ndani ya boksi moja ni 8518.22, spika tupu ni 8518.29, na amplifaya ni 8518.40. Risiti ya EFD iliyoandikwa "vifaa vya muziki" inamlazimisha ofisa kufungua kila katoni na kukisia. Muuzaji aombwe aandike kilichomo: spika tupu, inchi ngapi, idadi ngapi. Ni dakika mbili dukani dhidi ya nusu siku mpakani.

Na vipuri. Spika zote za safu moja zitoke katoni za toleo moja, na ziongezwe chache za akiba. Moja ikiungua mwakani, yenye sura hiyohiyo kutoka kiwanda kingine haitalingana na wenzake, na mteja atampigia simu aliyemuuzia.

Simu ya dakika tano

Arudi basi yule mfanyabiashara na mstari wake mmoja. Kabla ya kuingia duka lolote anampigia mteja Kigali. "Bosi, chukua tepu. Kutoka sakafuni hadi dari ni kiasi gani? Dari ni la nini, limenyooka au lina mteremko? Kochi litakaa mita ngapi? Na fundi wa umeme wa redio unaye?"

Mteja anacheka kwamba amenunua shati nyingi bila kuulizwa maswali hayo, lakini anapima. Jibu linakuja kwa ujumbe: dari mita 2.8, jipsamu, limenyooka. Kochi mita 3.4. Fundi yupo, ndiye aliyefunga mitambo ya kanisa lao.

Asilimia 70 ya mita 2.8 ni karibu mita 1.96. Spika za inchi 4 zikiachana sentimita 11, kumi na nane zinafika mita 1.98. Kwa minara miwili ni 36, na nne za akiba, jumla 40. Twita ndogo 32 kwa kila mnara, zikigusana zinatoa nguzo ya mita 1, na chache za ziada. Krosova ikate karibu hezi 3,000, hiyo ni kazi ya fundi wa kanisa. Mbao atazichagua mteja mwenyewe.

Badala ya maboksi manne mazito, kinachopanda basi la kurudi ni katoni zinazoingia chini ya kiti na kwenye buti, zimejaribiwa moja moja kwa betri ya rimoti mbele ya mwenye duka aliyekuwa anaangalia saa. Mstari wa daftarini umekatwa na kuandikwa upya, na pembeni yake kuna vipimo vya chumba, kwa ajili ya siku mteja atakapotaka kuongeza kitu. Sabufa hakununua. Zipo Kigali, na hazina sababu ya kuvuka daraja.